Miaka Huhesabiwa, Utu Uzima Hupimwa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetutoa matumboni mwa mama zetu tukiwa hatujui lolote, kisha akatupa masikio, macho na nyoyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba wake na kila anayefuata njia yao. Ama baada ya hayo.



Swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni fupi: mtu huwa mtu mzima lini? Swali hili hutukuta kila tunapopanda gari la kurudi nyumbani. Hapa Gitega tunaitwa wasomi, na katika kila semina tunaambiwa kwamba umma unatutegemea. Tukifika nyumbani, wakubwa wakitandika mkeka wa mazungumzo, sisi tunatumwa maji. Mwenzetu aliyeacha shule mapema, akaoa na kujenga vyumba viwili vya tofali, yeye huketi na wazee na neno lake husikilizwa. Sisi wenye miaka 23, 24 au 25 bado ni "abana", watoto. Je, wazee wanatuonea, au wanaona jambo ambalo sisi hatulioni?

Nilikuwa na jibu langu, na nililipenda: wanatuonea. Likizo iliyopita, nyumbani Muyinga, jibu hilo lilivunjika mbele ya macho yangu. Nitawasimulia lilivyovunjika. Lakini kwanza tuangalie wenye elimu wanasema nini juu ya hatua za umri wa mwanadamu, kwa sababu kisa changu hakieleweki bila hayo.

Ngazi nane za Erikson

Katika masomo ya saikolojia jina lisilokosekana ni la Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kufariki Marekani mwaka 1994. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1950 aliyagawa maisha katika ngazi nane, na katika kila ngazi akaona mvutano wa pande mbili. Mtoto mchanga hujifunza kuuamini ulimwengu au kuuogopa, kutegemea anavyolishwa na kubebwa. Akianza kutembea hujifunza kujitegemea au kujionea haya. Kisha huja umri wa kuanzisha mambo yake mwenyewe, kisha umri wa shule ambapo hujiona hodari au hujiona duni. Kijana hujiuliza yeye ni nani. Baada ya hapo hutafuta mwenzi wa kushirikiana naye maisha. Mtu wa makamo hujiuliza anawaachia nini wanaomfuata. Mzee hutazama nyuma, ama akaridhika na safari yake, ama akakata tamaa.

Erikson mwenyewe alikua bila kumjua baba aliyemzaa, akalelewa na baba wa kambo, na alipokuwa mtu mzima akajichagulia jina la ukoo. Si ajabu kwamba swali la "mimi ni nani?" ndilo lililompa umaarufu zaidi.

Kuna mambo mawili katika mafundisho yake ambayo Muislamu anaweza kuyapokea bila shida. La kwanza, mtu haachi kukua anapoota ndevu. Hata mzee wa miaka 70 bado ana kazi ya nafsi ya kufanya. La pili, mtu hakui peke yake. Kila ngazi ina watu wanaotakiwa kuwepo: mama, mwalimu, rafiki, mwenzi, jirani.

Lakini lipo jambo la tatu, nalo ndilo linalotugusa sisi wa vyuoni. Erikson alieleza kwamba jamii humpa kijana muda wa kusubiri, muda wa kujaribu mambo kabla ya kubebeshwa mizigo ya watu wazima. Chuo ni muda huo. Tatizo ni kwamba kwetu muda huo hauna mwisho unaojulikana. Ukimaliza masomo hakuna kazi. Bila kazi hakuna nyumba, na bila nyumba hakuna ndoa. Mtafiti Marc Sommers, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu vijana wa Rwanda, alionyesha jinsi kijana asiyejenga nyumba anavyoshindwa kuoa, na asiyeoa asivyohesabiwa kuwa mwanamume kamili. Jirani zetu hao tunafanana nao kwa mengi, na kijana yeyote wa Muyinga akisoma habari hiyo atadhani inamzungumzia yeye.

Qur'ani na hatua za umri

Hatukungoja karne ya 20 kuambiwa kwamba maisha yana hatua. Sura ya Al-Hajj, aya ya 5, inatupitisha kutoka udongo na tone hadi utoto, kisha ukamilifu wa nguvu, kisha kwa baadhi yetu uzee ambao mtu husahau aliyokuwa akiyajua. Sura ya Ar-Rum, aya ya 54, inataja udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi. Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, inautaja umri wa miaka 40, na jambo la kuzingatia ni kwamba mtu wa umri huo anaonekana akiomba dua kwa ajili ya wazazi waliomtangulia na kizazi kinachomfuata. Mtu aliyekomaa anatazama nyuma na mbele. Hajitazami yeye tu.

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana maelezo katika Ihya yake ambayo kila nikiyakumbuka hucheka kidogo. Anaeleza kwamba starehe za mwanadamu huja moja baada ya nyingine: mchezo, kisha mapambo na matamanio ya ndoa, kisha ukubwa na uongozi, na mwisho, kwa aliyejaaliwa, ladha ya kumjua Allah. Aliye katika hatua ya chini humcheka aliyemtangulia. Mtoto humshangaa anayeacha mchezo kwa ajili ya ndoa, na mpenda cheo humshangaa anayeacha cheo kwa ajili ya elimu na ibada. Kwa hiyo kicheko chetu si hoja. Mara nyingi kinaonyesha tu tumefikia ngazi gani.

Wanazuoni wa fiqhi nao waliweka hatua, na wao walikuwa na kazi ngumu zaidi, maana kila hatua ilibeba hukumu. Kuna mtoto asiyepambanua mambo. Kuna mwenye kupambanua, yaani mumayyizi, takribani kuanzia miaka 7, umri ambao Mtume (S.A.W.) ameamrisha tuwafundishe watoto swala. Kuna anayekaribia kubaleghe. Kuna aliyebaleghe, na hapo kalamu ya malaika huanza kumwandikia. Ibn Umar (R.A.) alipojitokeza kwenda Uhud akiwa na miaka 14 alirudishwa, alipojitokeza siku ya Khandaq akiwa na miaka 15 alikubaliwa. Mwaka mmoja, na hukumu ikabadilika.

Wengi wetu huishia hapo. Tunasema: Uislamu haujui ujana wa miaka 15 ya kusubiri, ukishabaleghe wewe ni mtu mzima, basi. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Lakini fiqhi haikuishia hapo.

Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, inazungumza na wasimamizi wa mali za mayatima. Inawaamrisha wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao rushdi, yaani ukomavu wa kuendesha mambo, wawakabidhi mali zao. Tazama, kuna masharti mawili. Kubaleghe ni moja, rushdi ni jingine. Kubaleghe huja kwenyewe, mwili hauombi ruhusa ya mtu. Rushdi huonekana kwa kupimwa. Imam Shafi'i aliona kwamba rushdi ni kutengemaa kwa dini na kwa mali pamoja. Wengine, kama Abu Hanifa na Malik, walitazama uendeshaji wa mali. Abu Hanifa akaona kwamba mtu akifika miaka 25 akabidhiwe mali yake hata kama rushdi haijaonekana, kwa sababu hata kumnyima mtu mzima mali yake kuna mpaka. Nawaomba mkumbuke aya hii. Tutairudia.

Mizani ya milima yetu

Nchi yetu nayo ina vipimo vyake. Sheria ya watu na familia ya mwaka 1993 imeweka miaka 21 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke kuwa umri wa kufunga ndoa. Kwenye sanduku la kura tunaingia na miaka 18. Hivyo ni vipimo vya karatasi, na karatasi haiwezi kufanya zaidi ya kuhesabu miaka.

Lakini Warundi walikuwa na kipimo kingine ambacho hakikuhesabu miaka: ubushingantahe. Mushingantahe alikuwa mwamuzi wa kilima, mtu wa kusuluhisha ugomvi wa mipaka, wa mke na mume, wa jirani na jirani, akiwa na fimbo yake, intahe. Hakuzaliwa nacho cheo hicho, wala hakukinunua. Alitazamwa kwa miaka. Je, anasema kweli? Anaweza kutunza siri? Anaamua kwa haki hata kama mkosaji ni ndugu yake? Jamii ikiridhika ndipo alipoapishwa hadharani. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 wenyewe ulizungumzia kuirudishia hadhi taasisi hii. Najua kwamba katika sherehe za kumsimika mushingantahe pombe ya ndizi ilikuwa na nafasi yake, na hapo Muislamu hana la kushiriki. Lakini wazo lenyewe, kwamba mtu huwa mkubwa pale wengine wanapoweza kuziweka haki zao mikononi mwake, sioni linapogombana na aya ya 6 ya An-Nisaa. Naona vinafuata njia moja.

Tusisahau pia wale waliolazimishwa kukua kabla ya wakati. Mama yangu alikuwa na miaka 12 vita vilipoanza mwaka 1993. Alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka ng'ambo, Ngara, na kambini yeye ndiye aliyekuwa mama wa wadogo zake. Ngazi za Erikson kwake zilikatika. Aliruka tatu kwa usiku mmoja. Watu humsifu kwa hilo, na anastahili. Lakini siku moja nilimwona amesimama dirishani akiwatazama watoto wakiruka kamba, muda mrefu, chakula kikaungua jikoni. Sikumuuliza kitu. Tangu siku hiyo sipendi kusikia watu wakisema kwamba shida ndiyo inayokuza watu. Mtoto ana haki ya utoto wake. Mtume wetu (S.A.W.) alimwuliza mtoto mdogo, Abu Umayr, habari za ndege wake mdogo wa kuchezea, na aliwaachia wajukuu wake wampande mgongoni. Anayemnyima mtoto hatua yake anamdhulumu, kama anavyodhulumu anayemzuia kijana asiingie hatua inayofuata.

Mafungu thelathini na mawili

Sasa kisa changu. Baba alifariki nikiwa na miaka 10. Aliacha mama, mimi, na wadogo zangu wawili wa kike, mmoja akiwa bado ananyonya. Wazazi wake baba walikuwa wameshatangulia. Aliacha shamba lenye mibuni na mahali pa kulima maharage nje kidogo ya mji wa Muyinga, na duka dogo karibu na soko: chumvi, sabuni, mafuta, sukari, viberiti. Baba mdogo ndiye aliyesimamia vyote. Alitulipia karo, alituvisha, na kila kitu alikiandika kwenye daftari.

Likizo iliyopita nilifika nyumbani nikiwa na hotuba kichwani. Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani, nilingoja kituoni Gitega siku nzima kabla ya kupata nafasi kwenye Probox ya kwenda Muyinga kupitia Karuzi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuinoa. Baada ya swala ya Isha nikaketi mbele ya baba mdogo. Nikasema, "Baba mdogo, nakushukuru kwa yote uliyotufanyia, Allah akulipe. Sasa nimekua, nina miaka 23. Naomba unikabidhi shamba la baba na duka."

Sikumwambia mpango wangu wote. Nilitaka kuuza sehemu ya chini ya shamba, ninunue pikipiki, nimpe dereva aiendeshe Gitega, nipate pesa ya kuanza maisha. Nilichoka kuitwa mtoto.

Baba mdogo alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na madaftari manne yaliyofungwa kwa kamba. Hakuyafungua. Akaniuliza, "Mwanangu, shamba la marehemu ni la nani?"

Nikajibu, "Ni langu. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume."

"Chuoni wanawafundisha mirathi?"

"Ndiyo, baba. Mwaka jana nilipata alama nzuri."

"Basi nigawie." Akanisogezea kalamu na karatasi.

Nikaanza kuandika. Mke, pamoja na kuwepo watoto, thumni. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Ili igawanyike bila kuvunjika, nikaweka asili ya mafungu 32. Mama, mafungu 4. Mimi, 14. Wadogo zangu, kila mmoja 7. Hesabu ni nyepesi, mtihani ulikuwa mgumu zaidi ya hapo. Lakini kabla sijafika chini ya karatasi mkono ulikuwa umeshaanza kuwa mzito. Katika mafungu 32, yaliyokuwa yangu ni 14. Mafungu 18 nilikuwa nimeyadai kwa kinywa changu dakika tano zilizopita, na mwenye 7 katika hayo ana miaka 13, bado ni yatima kwa maana kamili ya neno. Aya ya 10 ya sura hiyo hiyo ya An-Nisaa inawaonya wanaokula mali za mayatima kwa dhulma kwamba wanajaza moto matumboni mwao. Aya hiyo nimeihifadhi tangu madrasa.

Ndugu msomaji, hakuna jirani ambaye angeniona mwizi. Nchi yetu haina sheria iliyoandikwa ya mirathi, na kwa mila ardhi humfuata mtoto wa kiume. Dada akiolewa anahesabiwa kwamba amekwenda zake. Ningeuza, ningenunua pikipiki, ningepongezwa: kijana ameanza kujitegemea. Ningehesabiwa mtu mzima kwa mali ya mtoto. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Baba mdogo aliikunja ile karatasi akaiweka ndani ya daftari la juu. Kisha akasema maneno ambayo sikuyategemea. "Aya inatuambia tuwajaribu. Mimi sijawahi kukujaribu. Nimekulipia karo na kukutuma maji, basi. Hilo ni kosa langu, na nitaulizwa. Kuanzia kesho duka liko mikononi mwako mpaka likizo iishe."

Nilidhani ni zawadi. Mwezi wa kwanza ulipoisha tukahesabu, zikakosekana faranga 60.000. Sikuwa nimeiba. Rafiki zangu walikuwa wanakuja, tunazungumza, wanachukua sukari na sabuni, wanasema "nitakuletea", nami naona aibu kuandika jina la mtu. Nilitaka kuonekana mkubwa. Aliyeniokoa ni mdogo wangu wa miaka 19. Nilipofungua daftari la mwisho niliona mwandiko wake. Kwa miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa akiandika hesabu za duka jioni, na hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza. Alijua nani hulipa akivuna, nani hulipa akikumbushwa, na nani ni mjane asiyepaswa kukumbushwa kabisa. Hajaolewa, hana nyumba, hajafika chuo kikuu. Kwa mizani ya mtaa ni mtoto. Kwa mizani ya aya, rushdi ilikuwa imeshaonekana kwake huku mimi nikiitafuta kwenye pikipiki.

Kwa hiyo, lini?

Jibu nililolipata ni hili. Mwanadamu hupita hatua za mwili bila kuombwa kitu, na hupita hatua za jamii kwa fedha na bahati. Lakini hatua ya utu uzima anaipita siku anapoweza kuishika haki ya mwingine isipotee mkononi mwake, hasa haki ya asiyeweza kujidai. Nyumba ni neema, ndoa ni nusu ya dini kama tulivyofundishwa, kazi ni heshima. Lakini mtu anaweza kuwa navyo vyote vitatu akabaki mtoto mwenye funguo, na mwingine akakosa vyote akawa mtu mzima.

Kuna atakayesema: "Hayo ni maneno ya kuwafariji wasio na kazi. Tukiridhika kwamba utu uzima ni moyoni, nani atadai ajira na nafasi kwa vijana?" Pingamizi hili lina uzito, na sitaki kulikwepa. Mimi siwaambii vijana waridhike. Aya ya 6 haikumwambia yatima ajione ameshakomaa. Ilimwamrisha mkubwa amjaribu, kisha amkabidhi. Amri iko juu ya mkubwa. Msikiti ambao kamati yake haina kijana hata mmoja wa kushika hesabu, ukoo usiompa kijana jambo lolote la kuamua, jumuiya inayotuita viongozi wa kesho mpaka tunaota mvi, wote hao wameacha amri. Mtume (S.A.W.) alimpa Usama bin Zayd (R.A.) jeshi akiwa na miaka kama 18, na ndani ya jeshi hilo walikuwemo wakubwa wa maswahaba. Watu walinong'ona, Mtume hakumwondoa. Hatuwezi kusimulia kisa hicho kila Maulidi kisha tukamnyima kijana wa miaka 25 ufunguo wa stoo ya msikiti.

Lakini amri kuwa juu yao hakutuondolei sisi lawama. Nani kati yetu ameomba kupimwa? Tunaomba kukabidhiwa. Mimi niliomba shamba, sikuomba daftari. Na vipimo vidogo viko tele mbele yetu hapa chuoni: mchango wa jumuiya uliokaa mfukoni mwa mweka hazina, kitabu cha kuazima, deni la mwenye nyumba, siri ya mwenzio wa chumbani, ahadi uliyompa binti wa watu. Anayesema kwamba ataanza kuwa mwaminifu akishapata kazi ya maana, hataanza. Mushingantahe wa zamani hakujua ni siku gani anatazamwa. Na sisi tunatazamwa na Asiyelala.

Nina mapendekezo matatu kwa ndugu zangu, kaka na dada. La kwanza, kila mmoja wetu likizo ijayo aombe jambo moja la kusimamia nyumbani, hata likiwa dogo, na aombe hesabu yake ikaguliwe. La pili, tunaosoma mirathi tuigawe kwanza mali ya nyumbani kwetu kwenye karatasi, na tuone mkono unakuwa mzito kwenye fungu la nani. La tatu, wakaka, tuwaulize dada zetu wameshabeba nini wakati sisi tukingoja kuwa watu wazima.

Mtauliza mwisho wa kisa. Shamba sijakabidhiwa. Ile karatasi ya mafungu 32 bado imo ndani ya daftari, na baba mdogo amesema mdogo wetu wa mwisho akifika wakati wake naye atapimwa, ndipo kila mmoja atashika chake. Faranga 60.000 zimeandikwa kwa jina langu, nimeshalipa 35.000. Siku mbili kabla sijarudi Gitega walikuja majirani wawili waliokuwa wakigombania mpaka wa shamba. Mkeka ukatandikwa. Nikainuka kwenda kuchota maji kama kawaida. Baba mdogo akamwita mdogo wangu, akamwita na mimi, akasema, "Kaeni msikilize. Maji nitaleta mimi."

Namuomba Allah atupe rushdi kabla ya mali, atulinde na haki za wanyonge, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awape subira waliobaki wanaotungoja tukue. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.